Sauti Kutoka Sufuria ya Tamali

Fidencio aliweka nadhiri ya miaka kumi kwa Bikira wa Guadalupe, akaitimiza miaka tisa, na Mungu akamwita kabla ya wa kumi. Hilo ndilo lililomwamsha Doña Hermelinda, mjane wake, alfajiri kabla ya jogoo. Upweke alikuwa ameanza kuuzoea, kama mtu anavyozoea jiko linalovuja moshi. Lakini deni la marehemu kwa Mama wa Mungu halizoeleki.

Nadhiri yenyewe ilimhusu Crisóforo, mdogo wake Fidencio, kinyozi. Alikuwa amepanda mnara wa kengele kufunga karatasi za mapambo ya sikukuu, akaanguka, akalala hospitali haongei wala hafumbui jicho. Fidencio akapiga magoti sakafuni, mbele ya wauguzi, akasema kwa sauti: "Mama, ukiniachia huyu mjinga, mguu wa nyumba yangu utaufikisha mwenge altareni pako miaka kumi." Mjinga akaachwa. Siku ya pili akaomba supu.

Mwenge huo ndio ule wa kila Desemba. Vijana na wazee wa San Lázaro de la Cuesta hupanda lori hadi Basilika, mji mkuu, wakauwasha pale, kisha wakaurudisha nyumbani kwa miguu, mmoja akimpokeza mwenzake, lori likifuata nyuma na picha ya Bikira juu yake, mpaka wafike mkesha wa sikukuu. Kipande cha mwisho ndicho chenye heshima na ndicho chenye mateso: kutoka darajani hadi mlango wa kanisa, kilima kitupu, kinachoitwa La Cuesta. Kipande hicho kilikuwa cha Fidencio.

Sasa katika nyumba hiyo mlikuwa na miguu minne tu. Miwili ya Hermelinda, mjane wa miaka zaidi ya sitini, muuza tamali, ile mikate ya unga wa mahindi inayopikwa kwa mvuke ndani ya maganda yake. Miwili ya Crisóforo, aliyekaa chumba cha uani tangu mkewe alipomchoka na kurudi kwao Veracruz.

"Nitakimbia mimi, shemeji," Crisóforo alisema baada ya arobaini. "Maisha aliyoyaombea ni yangu."

"Na tumbo je?"

"Tumbo litakimbia na mimi. Haliwezi kubaki nyumbani peke yake."

Akanunua viatu vya rangi ya limau, vinavyong'aa hata kwenye kabati. Hermelinda alivitazama kwa muda.

"Viatu hivi vinahitaji mtu mwenye haraka kweli," alisema. "Watu watakuona hata ukisimama."

Viatu havikuwa na ubaya. Ubaya ulikuja kwenye simu.

Nahodha wa wakimbiaji alikuwa Doña Nicandra, mwenye duka la dawa, mwanamke mkavu kama fito, aliyekimbia kila siku na kuuza dawa kama anatoa adhabu. Mwaka ule aliwaamuru wote waweke kwenye simu programu ya kukimbia, ili aone nani anafanya mazoezi na nani anasema tu. Programu ile ilihesabu njia na mwendo wa kila mtu, ikamwonyesha kila mtu mwenzake amefanya nini. Ukikimbia kila siku bila kukosa, ilikuwashia kimoto kidogo pembeni mwa jina lako. Ukikosa siku moja, kimoto kinazimika. Na aliyepanda La Cuesta kwa kasi kuliko wote alivikwa taji, ambalo wakati huo lilikaa juu ya jina la Nicandra kama limeota pale.

"Atakayezima kimoto chake," Nicandra alitangaza uwanjani pa kanisa, "hatabeba mwenge. Mtu asiyelinda moto mdogo atalindaje mkubwa?"

Watu waliona ni neno la busara. Hata padri alitikisa kichwa kukubali.

Crisóforo akawa mtu wa kimoto. Akila, simu iko pembeni ya sahani. Akinyoa, anaichungulia juu ya kichwa cha mteja. Ndani ya simu mlikuwa na mwanamke wa Hispania, aliyeyatamka maneno ulimi ukigusa meno, na huyo ndiye aliyemwamuru: anza, ongeza, usilegee. Alikimbia mvua ikinyesha. Alikimbia siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani, akarudi keki imekwisha. Alikimbia Jumapili kati ya misa na chakula, na suruali ya misa.

Hermelinda alikuwa mtu wa kutazama. Akaona mwezi wa tisa shemeji yake anashuka ngazi za uani upande upande, kama kaa. Akaona amepeleka kigoda kinyozini, ananyoa ameketi, na wateja wanatoka upande mmoja mrefu, upande mmoja mfupi. Jioni moja akamkuta amezamisha mguu kwenye ndoo ya maji baridi, akisema sala ambayo haimo kwenye kitabu.

"Wapi?"

"Wapi nini?"

"Panauma wapi, Crisóforo."

Akamwonyesha muundi, kuanzia chini ya goti mpaka karibu na kifundo. Hermelinda alipogusa kwa kidole kimoja, yule mwanamume aliyeanguka kutoka mnarani akaishi alilia kama ndama.

"Utapumzika," Hermelinda alisema.

"Nikipumzika siku moja kimoto kinazimika. Kikizimika, Nicandra ananifuta. Akinifuta, kaka yangu anamdanganya Bikira akiwa kaburini."

"Ukivunjika je?"

"Simu haijasema nitavunjika. Imesema leo nimefanya vizuri."

"Simu haina miguu, shemeji."

Alimkanda kwa spiriti na maua ya arnika, akamfunga kitambaa, akaweka mshumaa mbele ya picha ya Bikira. Na kesho yake, ajabu, Crisóforo hakutoka kukimbia. Wala kesho kutwa. Alikaa kinyozini mguu juu ya kiti, akila karanga. Hermelinda alimshukuru Mungu, lakini moyoni akabaki na swali, maana kila jioni shemeji yake aliichungulia simu, na uso wake ulikuwa uso wa mtu ambaye kimoto chake bado kinawaka.

Hermelinda aliuza tamali juu, mlangoni pa kanisa. Kila alfajiri alisukuma La Cuesta mkokoteni wake mdogo, wenye sufuria kubwa ya tamali iliyofungwa mablanketi mawili ili isipoe, na birika la atole, uji mtamu wa mahindi, ubavuni. Alipumzika mahali pamoja tu, kwenye kona ya ukuta wa mikonge, akasema Salamu Maria moja ya Fidencio, akaendelea.

Asubuhi moja ya Oktoba, ukungu umeshuka mpaka magotini, alisimama konani kama kawaida. Hakuna mtu barabarani. Mbwa mmoja tu.

"Umesimama," sauti ikasema. "Mazoezi yamesitishwa."

Hermelinda aligeuka. Mbwa akamtazama naye, kama anayesema si mimi. Akasukuma mkokoteni hatua chache.

"Mazoezi yanaendelea," sauti ikasema. "Mwendo wako uko chini ya kawaida. Jitahidi. Unaweza zaidi ya hapo."

Nywele zikamsimama chini ya mtandio. Ile lafudhi aliijua. Darasani, utotoni, alifundishwa katekisimu na mtawa wa Hispania, Mama Prudencia, mwenye rula ya mti, aliyefariki zamani sana. Na Mama Prudencia hakuwahi kumsifu. Alisema neno hilohilo kila wiki mpaka Komunyo ya kwanza: unaweza zaidi ya hapo, Hermelinda.

"Ndiyo, Mama Mtawa," alisema, akashika mkokoteni kwa mikono miwili, akapanda La Cuesta bila kupumzika tena, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana. Alifika juu mapafu yanachomoza.

"Hongera," sauti ikasema. "Umemaliza. Usisahau kunywa maji."

Akanywa maji. Akaketi kwenye ngazi ya kanisa, akafikiri. Alikuwa mtu wa dini, lakini si wa kumezeshwa. Roho ya toharani, kwa alivyofundishwa, huomba misa. Haijapata kusikika roho inayomkumbusha mtu kunywa maji. Akainuka, akafungua blanketi la kwanza, akafungua la pili, akapitisha mkono kati ya blanketi na sufuria, akatoa simu ya Crisóforo, ya moto kama tamali yenyewe.

Kinyozini alimkuta akimnyoa Lencho, dereva wa gari la mitungi ya gesi. Hermelinda aliweka simu mezani, imefungwa vizuri ndani ya ganda la mahindi.

"Mama Prudencia anakusalimu," alisema.

Wembe ukasimama shavuni mwa Lencho.

"Shemeji, acha nieleze."

"Eleza. Nimekimbia asubuhi nzima, nina muda wa kukaa."

Akaeleza. Mguu ulitaka kupumzika, kimoto kilitaka kuwaka, na Hermelinda alikuwa anapanda kilima kila siku kwa vyovyote. Ni dhambi gani simu kumsindikiza?

"Ni uongo," Hermelinda alisema.

"Simu inasema mtu amepanda La Cuesta. Mtu amepanda. Wa nyumba hii hii."

Lencho, povu usoni, akasema, "Kusema kweli, Doña Herme, hapo kuna hoja."

"Wewe nyamaza, umeshikiwa wembe."

Hermelinda alikwenda nyumbani na swali hilo, akalala nalo, akaamka nalo. Aliuona mguu wa Crisóforo umeanza kupungua uvimbe. Akafikiria kitabu cha Nicandra chenye majina, na jina la nyumba yao likipigwa mstari. Mwishowe akampa masharti: atapumzika kweli, hatasema uongo kwa mdomo wake akiulizwa, na kila Jumamosi ataungama. Crisóforo akakubali yote haraka, na hilo lilipaswa kumtia Hermelinda wasiwasi.

Basi wakapanda pamoja, Hermelinda na yule mama wa kwenye blanketi. Alimzoea. Siku nyingine alimjibu. "Mwendo wako uko chini," mama alisema, na Hermelinda akamwambia, "Wa kwako ungekuwaje, na sufuria hii?"

Novemba, wiki ya pili, mvua isiyo ya msimu ilishuka ghafla, na gurudumu la mkokoteni likachomoka kwenye daraja. Lencho akatokea na gari lake, spika juu inapiga kelele ya gaaasi, gaaasi.

"Panda, Doña Herme. Tamali zitapoa, na watu wa juu wakikosa tamali watanilaumu mimi."

Wakapakia mkokoteni kati ya mitungi. Lencho hakujua kuendesha polepole. Kwenye kona ya mikonge mitungi iligongana kama kengele za Pasaka, na Hermelinda akasali sala ya kufa. Ndani ya blanketi mama wa Hispania alinyamaza kwanza, kama aliyepigwa na butwaa, kisha akasema kwa heshima ambayo hajapata kuionyesha: "Huu ndio mwendo wako bora kabisa. Hongera, bingwa."

Jioni Hermelinda alimwambia shemeji yake, "Leo nimepanda gari la gesi. Ifute hiyo."

"Naifuta, shemeji," alisema Crisóforo, na akaingia na simu chumbani.

Hermelinda akaamini. Alikuwa na gurudumu la kutengeneza na mahindi ya kuchambua.

Baada ya siku chache akaanza kuona mambo kwenye foleni ya tamali. Kwanza fundi matofali, mkimbiaji wa kipande cha tatu, alikuja amejifunga kisigino. Halafu ndugu wawili wa duka la nafaka, mmoja anaburuta paja, mwingine anatembea kwa vidole kama anayenyata ndani ya nyumba ya mtu. Halafu mwalimu wa kwaya, ameshika kigimbi. Foleni nzima ikawa inasogea upande upande. Na wote wakaagiza kitu kimoja.

"Nipe za pilipili ya kijani," walisema. "Zile anazokula Crisóforo."

"Crisóforo anakula zilizobaki," Hermelinda aliwajibu, lakini hawakusikia.

Mwisho, Desemba ilipoingia, akaja Doña Nicandra mwenyewe. Goti lake la kulia lilikuwa limefungwa bandeji kutoka dukani kwake, ya bei ya juu.

"Mbili za mchuzi wa mole," alisema. "Na nipe kiti."

"Goti, Doña Nica?"

"Goti halina kitu. Linajifikiria tu." Akaketi, akakunja uso. "Doña Herme, uniambie kweli kama Mkristo. Shemeji yako anafanya mazoezi gani? Kinyozi wa tumbo lile amenipokonya taji langu. Na si kwa kidogo. Nimepanda La Cuesta kila jioni mpaka naona nyota mchana, sifiki hata nusu. Sisi wote tumepanda. Dawa ya kuchua imekwisha dukani, mimi nimenunua nyingi kuliko wateja."

Hermelinda alisimama na kijiko cha atole hewani. Kisha akamwekea Nicandra tamali ya tatu, ya bure, kwa sababu alihisi itakuja kuhitajika.

Alimkuta Crisóforo uani.

"Uliifuta?"

Crisóforo aliangalia viatu vyake vya limau, ambavyo kwa wiki nyingi havijaona vumbi.

"Nilitaka kuifuta. Nikafungua, nikaona taji limekaa juu ya jina langu. Nikasema litalala usiku mmoja tu. Asubuhi watu wakaja kinyozini, wakanipigia makofi. Shemeji, mimi watu wananikumbuka kwa kuanguka mnarani. Mpaka watoto wakinyolewa wananiuliza nilianguka vipi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu ananipigia makofi kwa kupanda."

Hermelinda alimwonea huruma, kweli. Lakini huruma haikumfanya awe kipofu.

"Kuna watu kumi na kitu wameharibu miguu wakishindana na Lencho," alisema. "Na wiki ijayo wanatoka Basilika na mwenge. Utasema mwenyewe, au nitasema mimi kwenye foleni ya tamali?"

Crisóforo alijua habari ya foleni ndiyo inayofika mbali zaidi. Akakimbilia kwanza kwa padri, akatumaini Salamu Maria kumi zitatosha. Padri akampa kitubio cha neno moja: sema.

Akasema, siku ya mkutano wa mwisho, uwanjani pa kanisa, amesimama mbele ya watu waliokaa kwa sababu hawakuweza kusimama. Alisema yote, na blanketi, na gurudumu, na gesi.

"Kwa hiyo," Nicandra alisema polepole, "mimi goti langu nimeliua nikifukuzana na gari la gesi."

"Na mitungi ilikuwa imejaa, Nahodha," Lencho alisema kutoka nyuma, kama anayetaka kumfariji. "Ingekuwa mitupu ungeachwa mbali zaidi."

Fundi matofali akaanza kucheka, akashika kisigino, akaacha. Nicandra hakucheka.

"Crisóforo atapanda juu ya lori," alitoa hukumu. "Atashika picha isianguke. Mguu wake hautagusa barabara. La Cuesta nitapanda mimi."

Jioni ile Hermelinda alimfuata dukani.

"Doña Nica, unaijua nadhiri ya Fidencio."

"Naijua. Nilikuwepo hospitali, mimi ndiye niliyempelekea sindano." Nicandra alipanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Lakini nikimpa mwongo mwenge, Bikira ataniuliza mimi, hatamuuliza yeye. Nipe jibu nitakalomjibu, nami nitampa."

Hermelinda mwenyewe angesema vilevile. Alirudi nyumbani, akapiga magoti. Hakuomba muujiza, aliona haya kuomba muujiza baada ya kubeba ile simu. Alisema tu, "Mama, uliangalie goti la Nicandra, kwa namna uonayo inafaa." Akasimama, akajistukia, akapiga magoti tena kufafanua kwamba hamwombei mtu ubaya. Lakini sala ikishatoka imetoka.

Mkesha wa sikukuu, alasiri, Hermelinda alisubiri darajani na sufuria ya tamali za wakimbiaji, kama alivyofanya miaka yote tisa. Timu za vijiji vingine zilipita zikielekea kwao, zikiimba, mienge juu. Ikapita ya kijiji cha jirani, ambayo kila mwaka ilikuwa nyuma yao. Ikapita ya kijiji cha mbali kabisa cha upande wa volkano. Akapita muuza mikate kwa baiskeli, akasema, "Wenu nimewaona, Doña Herme. Wanakuja. Msiwe na haraka."

Walipotokea, ilikuwa kama msafara wa wagonjwa wanaokwenda Lourdes kuombewa. Lori mbele badala ya nyuma, kwa sababu hata likienda polepole namna gani liliwapita. Juu yake Crisóforo amekumbatia picha ya Bikira, macho chini. Nyuma, mmoja baada ya mwingine, wanachechemea, na mwisho Nicandra, mwenge mkononi, uso mweupe kama chokaa. Alifika darajani, akaweka mguu wa kulia kwenye mwanzo wa La Cuesta, na goti likakataa. Akajaribu tena. Likakataa tena, hadharani, mbele ya watu wote, akakaa chini kwenye ukingo wa daraja huku ameinua mwenge usiguse chini.

"Nani mzima?" aliuliza.

Kila mtu aliangalia miguu yake. Fundi matofali aliangalia miguu ya jirani. Kisha, taratibu, vichwa vyote vikageukia juu ya lori.

Nicandra alifumba macho, kama mtu anayemeza dawa yake mwenyewe.

"Wewe. Muundi wako vipi?"

"Umepona, Nahodha," alisema Crisóforo kwa sauti ndogo. "Umepumzika wiki nyingi."

"Umepumzika," alirudia Nicandra. "Sisi wote wakweli tumelala chini, mwongo peke yake ndiye amefuata ushauri wa daktari." Akamtazama Hermelinda, akamtazama Bikira aliyekuwa kifuani mwa kinyozi. "Basi si mimi niliyechagua. Bikira atakapouliza, nitamwambia yeye mwenyewe alikubali kushikwa na huyu. Shuka."

Crisóforo akashuka, akapokea mwenge kwa mikono miwili, akaondoka mbio. Na kweli mguu ulikuwa mzima. Alipanda kipande cha kwanza kama mbuzi, viatu vya limau vinamulika, watu wakapiga yowe. Lakini mguu uliopumzika wiki nyingi ulikuwa na mapafu yaliyopumzika wiki zilezile, pamoja na karanga zote zile. Kwenye kona ya ukuta wa mikonge akasimama, akainama, mwenge ukainama naye, moto ukalamba ukanda wa mkono wake. Ndani ya simu aliyoifunga mkononi sauti ikasema: "Umesimama. Mazoezi yamesitishwa."

Hermelinda alimfikia, akisukuma mkokoteni wake kwa mwendo uleule wa kila siku.

"Inua mwenge."

"Siwezi, shemeji. Pumzi imekwisha. Nenda kamwambie Nicandra, atume mwingine."

"Hakuna mwingine. Wengine uliwamaliza."

"Siwezi kukimbia."

"Nani amekuomba ukimbie? Nilikuwepo Fidencio alipoweka nadhiri. Alisema mguu. Hukusikia kwa sababu ulikuwa umezimia. Weka mguu, halafu weka wa pili."

"Mwendo wako uko chini ya kawaida," mama wa Hispania alianza.

Hermelinda aliifungua ile simu mkononi mwa shemeji yake, akafunua sufuria, akaisukuma katikati ya tamali, akafunika. Hata huko ilisikika ikinung'unika.

"Twende," alisema.

Wakaenda. Crisóforo na mwenge, Hermelinda na sufuria, bega kwa bega, mwendo wa tamali. Moto ulinyooka, maana haukuwa na upepo wa kuupigania. Nyuma yao Nicandra aliinuka akashika bega la fundi matofali, fundi akashika bega la mwalimu wa kwaya, na kwa kuwa kwa mara ya kwanza mwenge ulikwenda mwendo ambao kila mtu aliuweza, wote wakapanda. Kawaida wakimbiaji hawaimbi La Cuesta, hakuna pumzi ya kuimba. Mwaka ule waliimba mpaka juu, na mwalimu wa kwaya akawasahihisha walipokosea.

Mlangoni watu walikuwa wamejaa, kengele zikalia. Crisóforo alipofika mbele ya altare akamgeukia shemeji yake. Hermelinda akaweka mkono wake mmoja kwenye mpini, chini ya mikono ya Crisóforo. Mkono ulinuka mahindi na moshi. Wakausimika pamoja.

"Kumi," Hermelinda alisema polepole, si kwa Crisóforo. "Sasa lala, mzee."

Tamali zililiwa uwanjani zote. Nicandra ndiye aliyetoa ya mwisho sufuriani, akakuta chini yake, ndani ya mvuke, simu iliyovimba, kioo cheupe, imekufa kabisa. Kimoto cha Crisóforo kilizimika siku ile, na vimoto vya wengine vikazimika kesho yake, maana wote walilala hadi misa ya saa nne. Nicandra hakumfuta mtu. Alimwita Crisóforo dukani, akamuuza dawa ya kuchua kwa bei kamili, akamwambia, "Mwakani unaanza mazoezi Januari. Na nyuma yangu, nikuone."

"Nadhiri imekwisha, Nahodha."

"Nadhiri ya kaka yako imekwisha. Ya goti langu bado."

Baada ya sikukuu Hermelinda alisukuma mkokoteni wake kama kawaida. Ukungu, mbwa, ukuta wa mikonge. Akasimama, akasema Salamu Maria ya Fidencio. Blanketi lilikuwa kimya. Akakaa kidogo zaidi kuliko desturi yake, akasikiliza, kisha akajisemea mwenyewe, ulimi ukigusa meno, "Unaweza zaidi ya hapo, Hermelinda."

Mbwa akamtazama.

"Lakini si lazima," alimwambia mbwa, akasukuma taratibu.